Nimetoka kuona Sarafina jukwaani: tuzungumzie nyimbo, na hili suala la watazamaji kuimba

KitiChaTatu:

Wadau, hamjambo.

Jumamosi jioni nilikuwa Kenya National Theatre hapa Nairobi kutazama Sarafina. Sisemi ile filamu ya Whoopi Goldberg ambayo nusu yetu tulionyeshwa bwaloni tukiwa sekondari. Nasema mchezo wenyewe, jukwaani, vijana zaidi ya ishirini wamevaa sare za shule, wanaimba na kuruka saa mbili na ushei, bendi inapiga papo hapo nyuma yao. Tangu nitoke pale nyimbo hazijanitoka kichwani. Jana nimeimba nikipiga pasi. Leo asubuhi nimeimba ndani ya matatu mpaka kondakta akaniuliza kama nimeokoka.

Kwa asiyeujua mchezo huu: uliandikwa na Mbongeni Ngema wa Afrika Kusini, Hugh Masekela akatia mkono kwenye muziki, ukafunguliwa Market Theatre, Johannesburg, mwaka 1987. Wahusika ni wanafunzi wa Morris Isaacson, shule ya sekondari ya Soweto, na yote yanatokana na Juni 16, 1976, siku watoto walipoingia barabarani kukataa kufundishwa kwa Kiafrikana na polisi wakawapiga risasi. Wanafunzi hawa wanaandaa tamasha la shule. Sarafina, msichana ambaye darasa zima linamtazama yeye, anapewa nafasi ya kuigiza Mandela siku ya kuachiliwa. Basi. Ukiisimulia hadithi hiyo bila nyimbo, chai haijapoa umemaliza.

Ndiyo maana nimefungua uzi. Michezo mingi ya nyimbo, watu wanaongea, hadithi inafika mahali inasimama, wanaimba, wakimaliza inaendelea kutoka palepale. Ukiuondoa wimbo hakuna anayepotea njia. Hapa ni kinyume: maneno yakianza ndipo hadithi inapopumzika. Mfano, wanafunzi wanaimba Sala ya Bwana darasani. Wanaanza wameketi, sauti za chini, kila mmoja anatazama daftari lake. Besi zinaingia, wasichana wanapanda juu yao, na wakifika pale pa kusamehe waliotukosea wote wamesimama, ngumi zimekunjwa. Hakuna aliyetamka neno hasira. Mwelekezi hakulihitaji.

Halafu mazishi. Bendi inanyamaza, msichana mmoja anaanza peke yake, wengine wanaingia mmoja mmoja na jeneza mabegani. Hujafuta machozi, mwendo unabadilika, unakuwa ule wa kuruka magoti juu, toyi-toyi, na jeneza linaruka nao. Kutoka kilio hadi maandamano bila hata sentensi moja ya kuunganisha.

Sasa ugomvi. Ilipofika Freedom Is Coming Tomorrow ukumbi mzima ulisimama. Hakuna aliyetuambia. Nikaimba kwa nguvu zote nilizopewa na Mungu. Baba mmoja wa makamo upande wangu wa kulia akaniinamia, akaniambia kwa upole kabisa: "Kijana, mimi nimelipa kuwasikia wale."

Nilinyamaza nusu ubeti, nikaendelea. Niambieni, ni nani kati yetu aliyekuwa na haki?

BintiWaPumwani:

Huyo baba ana shati la mistari na miwani imefungwa kamba? Kama ni yeye, ni babangu, na hata harusini hutunyamazisha.

NyamazaKidogo:

Nasimama na huyo baba, na simjui.

Mimi nilienda Ijumaa. Mbele yangu walikuwa wasichana wanne wanaojua kila neno la kila wimbo na hawajui sauti hata moja. Ule wimbo wa mazishi unaousema: binti ameanza peke yake, ukumbi kimya, nywele zimenisimama. Mstari wa pili wale wanne wakajiunga naye. Nilitaka kulia, lakini si kwa ajili ya marehemu.

Watu wamekaa mazoezini miezi, wamegawana sauti, kila mmoja anajua lini avute pumzi ili mwenzake asiachwe. Hilo ndilo ninalolipia. Nikitaka kuimba mimi mwenyewe, kuna kwaya kanisani na kuna bafu nyumbani, na kote huko hakuna kiingilio. Na wale wanaoinua simu kurekodi wimbo mzima, mwangaza wote machoni mwa aliye nyuma! Filamu unaweza kuirudisha nyuma. Jukwaani kilichopita kimepita.

KitiChaTatu:

La simu nakuunga mkono mia kwa mia. La wimbo wa mazishi pia, pale sikufungua mdomo. Nasema zile nyimbo ambazo waigizaji wenyewe wanatutazama machoni na kutupungia mikono. Hapo nikikaa kimya si ni mimi ninayewaharibia?

MwalimuWaKwaya:

Nimefundisha kwaya za shule kwa muda mrefu, na watoto wangu nimewapeleka kwenye tamasha la muziki na la drama vilevile, kwa hivyo nivumilieni niseme kwa urefu.

Mnabishana kana kwamba nyimbo zote za mchezo huu ni za aina moja. Sehemu kubwa ya muziki wake ni mbaqanga, muziki wa vitongoji vya Afrika Kusini. Sikilizeni besi. Haikai chini ikimshikilia mwimbaji tu, inatembea mbele, inasema, na gitaa la juu linaijibu. Mzunguko wenyewe ni mfupi na unajirudia bila kufika mwisho. Juu yake wanapanga safu: kiongozi kwanza, kisha waitikiaji, kisha sauti ya tatu inayokatiza katikati, kisha makofi, kisha miguu. Kila mzunguko una kitu kipya, ndiyo maana haukuchoshi hata ukijirudia mara ishirini. Na sehemu ya waitikiaji ni maneno manne au matano ambayo mtoto wa chekechea anayashika akisikia mara ya pili. KitiChaTatu, ndiyo hiyo unayoimba kwenye matatu. Sehemu ya kiongozi huiwezi, nina hakika.

Sasa nafasi ya mtazamaji. Wimbo wa namna hii tangu mwanzo unamhesabu kila aliyepo, kwa sababu umetoka kwenye mikutano, kanisani, mazishini na kazini, mahali pasipo na kitu kinachoitwa mtazamaji. Ngema hakuchukua waimbaji waliosomea mambo haya nje. Aliwakusanya vijana wa vitongoji, akaishi nao na kuwafunza katika kundi lake la Committed Artists, na nyimbo zimebaki na desturi ya pale zilipotoka. Kwa hivyo kanuni ninayowapa wanafunzi wangu tukienda kutazama ni moja: itikia, usiongoze. Mtu akiimba peke yake, funga mdomo. Kundi likijibu, jibu nalo, na lijibu wewe usikike chini yake. Ukijisikia wewe kuliko unavyowasikia wao, umepita mpaka.

Lingine ambalo hakuna aliyeligusa ni pumzi. Jaribuni kuruka magoti yakigusa kifua huku mnaimba noti ndefu. Haiwezekani. Watakaoenda wiki hii waangalie vizuri: safu ya mbele ikiruka juu kabisa, safu ya nyuma imetulia na ndiyo inayobeba sauti. Baada ya mizunguko kadhaa wanabadilishana, na sauti haishuki hata kidogo. Watu hawaoni kwa sababu macho yanafuata miguu. Mimi nilitazama safu ya nyuma usiku kucha kama mwizi anayekagua ua.

BintiWaPumwani:

Mwalimu, "lijibu wewe usikike chini yake" naichapisha niibandike mlangoni kwa jirani zangu.

MamaWatoto_Rongai:

Naomba kuuliza mambo ya kawaida kidogo. Mtoto wa miaka tisa anaweza kwenda? Na usiku mnarudije?

KitiChaTatu:

Dada, inategemea mtoto. Kuna risasi, kuna mateso gerezani, na ingawa hakuna damu, mayowe yapo na taa zinazimwa ghafla. Mstari wa mbele yetu kulikuwa na watoto, mmoja alijificha kwa mamake sehemu hiyo, lakini wimbo uliofuata alikuwa juu ya kiti anacheza. Wangu ningempeleka akifika darasa la sita hivi, na ningemweleza Soweto kabla.

Kurudi: chukua onyesho la alasiri la Jumapili. Linaisha bado kuna mwangaza, unashuka zako hadi mjini kwa miguu. La usiku watu wanatoka wakati magari ya Rongai yameshaanza kupandisha nauli. Na beba sweta, nje baridi ya Julai haina huruma.

GukaWaNgara:

Vijana, mwalimu amesema vizuri kuhusu mbaqanga, lakini mnaipokea kana kwamba ni mgeni mjini. Si mgeni. Miaka ya sitini hapahapa Nairobi, studio ya Equator ilikuwa na bendi yake, na ndani yake Daudi Kabaka, Fadhili William, pamoja na Wazambia wawili, Nashil Pichen na Peter Tsotsi. Wazambia wale walikuja na mapigo ya kusini masikioni. Twisti tuliyoicheza tukiwa vijana, ile iliyompa Kabaka jina la mfalme wa twisti, ina damu ya kwela ya Afrika Kusini. Ndiyo maana besi ya Sarafina ikianza, hata mzee kama mimi mguu unaondoka wenyewe. Mguu unaijua.

Kuhusu watazamaji kuimba. Ukumbi huo mnaoutaja ulifunguliwa mwaka 1952, mwaka uleule mkoloni alipotangaza hali ya hatari, na haukujengewa watu kama mimi. Miaka mingi baada ya uhuru jukwaa lilikuwa bado la michezo ya kutoka Uingereza, watu wanakaa wima, wanapiga makofi kwa vidole. Ile adabu ya kunyamaza mnayoipigania ina historia yake, wala sisemi ni mbaya.

Oktoba 1976, ukumbini humohumo, ulichezwa mchezo wa Ngũgĩ wa Thiong'o na Mĩcere Mũgo kuhusu Dedan Kimathi, kiongozi wa Mau Mau. Ulikuwa ukiandaliwa kwenda Lagos kwenye FESTAC, tamasha la sanaa za Waafrika, mwaka uliofuata, pamoja na mchezo wa Francis Imbuga. Ulipofika wimbo wa mwisho watazamaji hawakungoja pazia. Waliungana na waigizaji, wakatoka nao wakiimba na kucheza mpaka barabarani, upande wa hoteli ya Norfolk. Hapo sasa, ndugu NyamazaKidogo, ungemwambia nani anyamaze?

NyamazaKidogo:

Mzee wangu, heshima kwako. Lakini huo ulikuwa wimbo wa mwisho. Wimbo wa mwisho hata mimi nasimama. Nalalamikia wa katikati.

GukaWaNgara:

Hilo nalikubali. Wa katikati mwachie mwenyewe.

Ila nimalizie nilichoanza, maana vijana wengi hawajui kwamba mchezo wa nyimbo mkubwa kuliko yote uliotungwa karibu na mji huu haukuwahi kupandishwa pale jukwaani. Mwaka 1982 watu wa Kamĩrĩthũ, Limuru, waliandaa Maitũ Njugĩra. Ulikuwa umejaa nyimbo za makabila mengi ya Kenya, unasimulia enzi za kipande, kile kitambulisho cha mkoloni, na kazi za lazima. Februari walifika Kenya National Theatre wakakuta milango imefungwa. Wakavuka barabara kuingia Chuo Kikuu, wakaendelea na mazoezi. Mazoezi hayo, jamani! Watu walikuja kwa maelfu kutazama mazoezi. Nilikaa ngazini, na wengine walikuwa madirishani. Nyimbo za Kiluhya, za Kikamba, za Kijaluo, na mtu wa kila upande akisikia za kwao anaitikia kutoka alipo, wengine wanacheka kwa furaha kumsikia. Baadaye hata mazoezi yakazuiwa, na ukumbi wa wazi waliojijengea Limuru kwa mikono yao ukabomolewa.

Kwa hivyo nikiona vijana wanaimba wimbo wa Soweto humo ndani bila mtu kufunga mlango, mimi huwa siangalii nani ametoka nje ya sauti.

FundiWaSauti:

Niingize jambo la kiufundi, kwa sababu ugomvi wenu nusu yake ni wa maiki.

Nimeendesha sauti za michezo ya nyimbo kumbi kadhaa hapa mjini. Kuna mmoja, sitautaja, paa ni la bati na mvua ikinyesha tunasimamisha mchezo. Kazi ngumu kuliko zote ni waimbaji ishirini wanaoruka na bendi iliyo nyuma yao. Ngoma zinaingia kwenye maiki za waimbaji. Nikiinua waimbaji nainua ngoma. Nikiteremsha, maneno yanapotea. Wale wenye maiki za shavuni ni wahusika wakuu wachache tu, kwa sababu kuzikodi ni ghali. Kundi lililobaki linategemea maiki zinazoning'inia juu au zilizolazwa ukingoni mwa jukwaa. Na maiki hizo zinasikia na watazamaji wa mbele pia. Sasa mtazamaji wa mstari wa tatu (natumaini hilo si jina la bure, ndugu mwenye uzi) akiimba kwa nguvu zote alizopewa na Mungu, mimi huku nyuma namsikia kwenye spika.

Mkitaka kusikia nyimbo vizuri, msikimbilie mbele. Mbele mnasikia spika moja na mate ya waigizaji. Kaeni katikati ya ukumbi, karibu na mashine ya sauti. Mimi nikiipanga sauti naipanga kwa masikio yangu, kwa hivyo aliyekaa karibu nami anasikia ninachosikia. Siri hiyo ni ya bure.

KitiChaTatu:

Nilikuwa mstari wa tatu, ndiyo. Nimenyamaza.

MwalimuWaKwaya:

Kwa mara ya kwanza.

Achieng_Umoja:

Nimewasoma wote na nina la kusema ambalo si la sauti.

Mimi niliona mchezo huu pamoja na marafiki ambao Juni 25, 2024, siku ya maandamano ya kupinga Mswada wa Fedha, nilikuwa nao mjini. Hatukuwa tumepanga iwe hivyo, tulitaka tu kutoka. Wanafunzi walipoanza kukimbia jukwaani na moshi ukatoka pembeni, rafiki yangu alinishika mkono mpaka ukauma. Halafu wakaimba. Nasi hatukuimba, mimi na wenzangu. Tulisimama tu. Ukumbi mzima unaruka na sisi tumesimama.

Kuna jambo ambalo nimelifikiria tangu siku hiyo. Mchezo huu ulipoanza mwaka 1987, Mandela alikuwa bado gerezani. Wanafunzi wale mwishoni wanaigiza siku ya kuachiliwa kwake, na hakuna aliyeketi ukumbini, Johannesburg wala New York, aliyejua kama siku hiyo itafika. Walikuwa wanaimba kitu wasichokijua. Onyesho la New York liliendelea Cort Theatre hadi Julai 1989, maonyesho 597, na likafungwa Mandela akiwa bado ndani. Alitoka Februari 11, 1990. Sisi tunaoutazama leo tunajua jibu, kwa hivyo wimbo wa mwisho unakuwa sherehe. Kwao ulikuwa nini? Nadhani mwimbaji mzuri ni yule anayeuimba kana kwamba hajui. Yule Sarafina wa Ijumaa alifanya hivyo. Alivyolitamka lile neno tomorrow, sikusikia sherehe hata kidogo.

Na mkitaka kujua wimbo wa wanafunzi waliovaa sare unaweza kufanya nini, msiende mbali. Aprili 2025, Nakuru, wasichana wa Butere na mchezo wao wa tamasha la shule. Mahakama imesema waruhusiwe, wamefika, watazamaji wamefukuzwa kwa vitoa machozi. Hawakuigiza. Waliimba wimbo wa taifa, wakaondoka.

GukaWaNgara:

Binti, umesema.

Niongeze dogo tu. Mandela alikuja Nairobi Julai 1990, siku chache baada ya Saba Saba, yale maandamano ya kudai vyama vingi. Alihutubia Kasarani, akamtaja Kimathi kwa jina mbele ya serikali iliyokuwa haimtaji. Nilimsikiliza redioni. Niliwakumbuka wale waliotoka ukumbini wakicheza hadi barabarani miaka kumi na minne nyuma.

MtuWaKariakoo:

Habari zenu majirani. Huku Dar nimeufuata uzi kwa raha sana, nina maswali mawili.

La kwanza: mbona hamtunzi? Sisi enzi za TOT na Muungano, vikundi vyetu vya sanaa, usiku mmoja unapata ngonjera, vichekesho, sarakasi, ngoma, mwishoni taarabu. Khadija Kopa, mwimbaji wa taarabu, akishika maiki, mtu akiguswa na wimbo hapigi kelele wala haimbi juu yake. Anainuka na noti, anakwenda mpaka jukwaani kwa madaha, anamtunza, anarudi kukaa. Wimbo hauharibiki, msanii anakula, na wewe umeonekana na nguo yako mpya. Ugomvi wenu wote ungeisha.

La pili: huo mchezo umeimbwa kwa Kizulu na Kiingereza. Nairobi hamna wa Kiswahili?

BintiWaPumwani:

Tunza Nairobi? Mtu akiinuka na noti hapa, walinzi watamkamata wakidhani anakwenda kudai chenji.

NyamazaKidogo:

Mimi nataka utaratibu wa Dar uletwe hapa kesho. Lipa, kaa, nyamaza.

MwalimuWaKwaya:

MtuWaKariakoo, la pili ni zito. Tumekuwa na majaribio ya nyumbani. Eric Wainaina ametunga michezo ya nyimbo, Mo Faya mmojawapo, hadithi ya mtaa wa mabanda na kituo chake cha redio, na Kiswahili cha mtaani kimo kwa wingi. Baadaye ikaja Tinga Tinga Tales ya watoto jukwaani, ambayo yeye pia alikuwa na mkono wake, ikavuka mpaka New York mwaka 2018. Watoto wangu wa kwaya hawakutaka kuondoka.

Lakini mchezo mrefu wa Kiswahili sanifu, wa watu wazima, wenye nyimbo zinazobeba hadithi kama anavyosema mwenye uzi? Mashuleni ndiko uliko. Tazameni tamasha la drama: mashairi ya kughani, ngoma za kubuni, vijana wanasimulia kisa kizima kwa dakika chache, kwa wimbo na mwili, bila hata kiti jukwaani. Tatizo ni kwamba tamasha likiisha, kazi inaishia hapo. Mwaka unaofuata wanatunga nyingine. Hakuna anayeichukua moja akairefusha na kuileta mjini.

MkilifiMjini:

Nimengoja mtu aseme, hakuna. Basi nasema mimi.

Mekatilili wa Menza. Mchezo wa nyimbo umeshajitunga wenyewe, unasubiri watu wa kuuvalia maleba.

Mwaka 1913 Wagiriama wanakataa kodi ya nyumba na kukataa vijana wao wachukuliwe kufanya kazi za serikali ya mkoloni. Mwanamke mjane anazunguka kijiji hadi kijiji kuwaamsha watu. Aliwakusanyaje? Kwa kifudu, ngoma ya matanga. Anacheza, watu wanamfuata, wakifika kijiji kingine kundi limeongezeka. Mwalimu, si ndiyo hiyo itikia-usiongoze yako? Kisha kuna kile kisa kinachosimuliwa cha kuku na vifaranga: mbele ya ofisa wa Kiingereza, Champion, anamleta kuku na vifaranga vyake, anamwambia mchukue mmoja uone. Ofisa ananyoosha mkono, kuku anamdonoa. Ndivyo, anasema, tutakavyokufanya ukigusa watoto wetu. Nani anahitaji mwandishi tena hapo?

Oktoba 1913 wanamkamata pamoja na Wanje wa Mwadorikola, wanawapeleka Kisii, upande wa pili wa nchi. Mwaka uliofuata wanatoroka na kurudi pwani kwa miguu. Safari yote hiyo ni sehemu ya pili ya mchezo, baada ya mapumziko. Kila wanapopita, muziki unabadilika: Kisii wana obokano, Ukambani kuna ngoma zao, mpaka wanafika kwetu kifudu kinaanza tena.

KitiChaTatu:

MkilifiMjini, nimesimama peke yangu ofisini. Kwa nini hakuna aliyefanya hili na bendi kamili?

MwalimuWaKwaya:

Obokano na kifudu katika mchezo mmoja! Lakini kwanza watafutwe wazee wanaojua nyimbo zenyewe, si vijana wa kubuni. Nyimbo za matanga zina masharti yake, na si kila moja inaruhusiwa kuimbwa pasipo msiba. Ruhusa kwanza, mazoezi baadaye. Sauti nitazipanga mimi, bure, mkinipa mtu wa kunifundisha mapigo.

FundiWaSauti:

Ngoma za Pwani ndani ya ukumbi, waitikiaji thelathini, na obokano ambayo sauti yake ni ya chini kabisa. Nitaomba mazoezi mawili ya sauti, si moja. Na bendi isikae nyuma ya waimbaji, ikae pembeni. Hilo ni sharti.

MkilifiMjini:

Wazee nawajua, wako Kaloleni na wengine Malindi. Agosti nakwenda nyumbani, nitawaendea nikawaulize. Msinitume na karatasi ya Kiingereza tu.

Achieng_Umoja:

Mimi naomba nafasi ya mmoja wa vifaranga.

NyamazaKidogo:

Swali la haraka. Kuku anaigizwa na mtu, au analetwa kuku?

FundiWaSauti:

Kuku halisi simvishi maiki.